Maswali ya Wasomaji: Je, Gemu ya Kunyemelea Inahitaji Kitufe cha Kuruka?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, Assalaam alaykum. Mimi na binamu yangu tunaishi nyumba moja hapa Ngamiani, na kwa miezi kadhaa tumekuwa tukitengeneza gemu ya kompyuta kwa programu ya Godot, ambayo haituhitaji kulipa chochote. Mchezaji ni mjumbe anayepita usiku katika mji unaofanana na Tanga ya zamani, akiwakwepa askari wa doria mpaka aifikishe barua bandarini, na kila kitu huonekana kwa macho ya mjumbe mwenyewe. Hakuna bunduki, akionekana, kazi imeharibika. Binamu yangu anasema gemu isiyo na kitufe cha kuruka ni sawa na mtu aliyefungwa miguu. Mimi nasema mtu anayejificha haruki. Tumebishana mpaka kazi imesimama kwa wiki mbili. Tunaomba utuamulie.
Msomaji wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na salamu zimfikie binamu yako pia, kwa maana nimelipenda swali lenu na nisingependa kazi ya miezi mingi ikwame kwa ajili ya kitufe kimoja.

Nianze na lugha, kwa sababu naamini ugomvi wenu umeanzia hapo. Pedi ya gemu ina kitufe kimoja kinachoitwa cha kuruka, lakini sisi tuna vitenzi kadhaa kwa mambo ambayo kitufe hicho hufanya. Mtu huruka pale miguu yake miwili inapoacha ardhi kisha akarudi chini. Huparamia anapotumia mikono na magoti kuukwea ukuta au mti. Huchupa anapotoka juu kwenda chini, au upande huu kwenda upande ule, palipo na pengo. Hudandia anaposhika boriti au kitu kinachopita akajining'iniza. Wewe unaposema kwamba mtu anayejificha haruki, unasema kweli kuhusu kitenzi cha kwanza. Na binamu yako anaposema kwamba mjumbe bila kuruka amefungwa miguu, nadhani moyoni mwake anawaza kuparamia na kuchupa. Mnagombea neno moja, kila mmoja akiwa na maana yake.

Sisi tuliokulia Tanga tulijifunza jambo hili kwenye kombolela kabla hatujaona kompyuta. Nyumbani kwetu Chumbageni kopo liliwekwa katikati ya uwanja, mtafutaji akafumba macho na kuhesabu, nasi tukatawanyika. Nakumbuka jioni moja mwenzetu alijibanza nyuma ya ukuta wa ua wa jirani, mahali pazuri ambapo mtafutaji alikwishapita mara mbili bila kumwona. Akachoka kungoja. Akaruka mara moja tu kuchungulia, na kofia yake nyeupe ikatokeza juu ya ukuta kwa muda wa kupepesa jicho. Mtafutaji hakuiona kofia. Kilichomponza ni kutua, kwa sababu upande wake wa ukuta palikuwa na kipande cha bati kilichofunika chakula cha kuku, na bati lile lililia mtaa mzima ukasikia, kuku wakaanza kelele, na mtafutaji akageuka akaja moja kwa moja. Yule aliyekuwa hodari kuliko sote katika mchezo ule aliparamia mwembe mwanzoni kabisa, akatulia huko juu, akangoja mtafutaji aende mbali, kisha akachupa kwenye mchanga na kulikimbilia kopo. Aliwakomboa wote.

Kisa hicho kimebeba karibu kila ninachotaka kuwaambia, yaani kwamba katika mchezo wa kunyemelea kila kitendo kina gharama yake, na kitufe kinastahili nafasi kwenye pedi ikiwa tu mchezaji analazimika kufikiri kabla ya kukibonyeza.

Msidhani kwamba mabishano haya ni yenu peke yenu. Mwaka 1998 zilitoka gemu tatu ambazo tangu hapo wabunifu wa aina hii ya michezo wamekuwa wakizirejea, nazo hazikukubaliana kuhusu kuruka. Metal Gear Solid ya kampuni ya Konami, iliyoongozwa na Hideo Kojima, haikuwa na kitufe hicho kabisa. Tenchu, iliyotengenezwa na Acquire, ilimpa ninja wake uwezo wa kuruka, na juu ya hapo ikampa ndoano yenye kamba ya kupandia juu ya mapaa. Thief ya Looking Glass Studios nayo ilikuwa na kuruka, na mwizi wake aitwaye Garrett akikaribia ukingo huku mchezaji amebonyeza kitufe hichohicho, huushika na kuuparamia.

Anayetaka kujua kwa nini zilitofautiana aanze na kamera. Katika Metal Gear Solid, kwa sehemu kubwa, unamtazama mhusika kutoka juu, na pembeni mwa skrini kuna ramani ndogo inayoonyesha eneo ambalo kila mlinzi analiona. Katika picha ya namna hiyo kimo hakina maana kubwa. Chenye maana ni pembe, kona, na muda wa mlinzi kugeuka. Wabunifu wake walitafuta gharama mahali pengine: ukikanyaga theluji unaacha nyayo ambazo mlinzi anaweza kuzifuata, na ukikimbia juu ya sakafu fulani hatua zako zinasikika. Kuruka kusingeongeza neno hapo. Lakini Thief huonekana kwa macho ya Garrett mwenyewe, kama gemu yenu inavyoonekana kwa macho ya mjumbe, na mtu unayetazama kwa macho yake ukikutana na ukuta wa kiunoni usioweza kuuvuka, unajihisi umedanganywa.

Ninaithamini sana Thief ya 1998, na nitakaa nayo kidogo kwa kuwa ndiyo ndugu wa karibu wa gemu yenu. Chini ya skrini kuna kito kinachong'aa kadiri mwanga unavyokuangukia na kufifia ukiingia gizani. Sakafu hazilingani: zulia humeza hatua, mawe huzitoa, na chuma huzitangaza. Ukichupa kutoka juu ukatua kwenye chuma, mlinzi aliye chumba cha pili huuliza kuna nini. Garrett ana mshale wa kamba unaong'ang'ania popote penye mbao, hivyo kila boriti juu ya kichwa chako inakuwa njia, na ana mshale mwingine unaotandaza majani laini ardhini ili utue kimya. Hebu tazama jinsi mambo hayo yanavyoshikana. Kuruka kunapewa uhuru, sauti inauwekea uhuru huo bei, na majani laini yanakuwezesha kuilipa bei hiyo kabla hujaondoka ulipo.

Mwaka 2014 gemu ya jina hilohilo ilitoka upya mikononi mwa Eidos Montréal, na kuruka kwa hiari kukaondolewa. Mhusika akawa anapanda au kuchupa pale tu wabunifu walipokwisha kuruhusu, na mishale ya kamba ikafanya kazi kwenye boriti zilizotengwa tu. Wachezaji wa zamani walilalamika sana, na mimi nipo upande wao. Sikudai kamwe kwamba mwizi arukeruke barabarani. Nilichokosa ni ule wakati wa kusimama gizani, kuinua macho, na kujiuliza kama naweza kufika pale dirishani. Swali hilo likishajibiwa na alama iliyochorwa ukutani, mchezaji hanyemelei tena bali anafuata mkeka uliotandikwa. Kwa hiyo binamu yako ana hoja nzito.

Nawe unayo yako. Mfululizo wa Hitman wa IO Interactive, ulioanza mwaka 2000, umeishi miaka yote hiyo bila kitufe cha kuruka, na sijamsikia mchezaji makini akikililia. Sababu ni kwamba muuaji wa gemu ile hujificha kwenye macho ya watu, si gizani. Huvaa nguo za mhudumu akabeba sinia, au za fundi akashika spana, na usalama wake wote unategemea kufanana na wenzake. Mtu aliyevaa sare ya mhudumu akiruka katikati ya sherehe amejitangaza mwenyewe. Bomba la kupandia lipo, dirisha la kupitia lipo, na kitufe cha kufanya hivyo hujitokeza ukifika karibu. Inatosha. Kama mjumbe wenu angekuwa anapita mchana sokoni amejifanya mchukuzi, ningekupa ushindi papo hapo.

Lakini mjumbe wenu anapita usiku, na mji mlioujenga una mapaa. Basi sasa niingie katika programu yenyewe, kwa sababu nashuku kwamba kitufe cha binamu yako hakikuchaguliwa na mtu yeyote. Katika Godot, ukiunda mhusika wa mchezo wa pande tatu na kukubali kiolezo cha mwendo kinachotolewa pamoja na programu, unapewa kuruka bila kuomba. Kasi ya kwenda juu imekwisha kuandikwa kuwa 4.5, na uvutano ni 9.8. Piga hesabu: mhusika atapanda hadi mita 1.03 na atakaa hewani sekunde 0.92. Mtu mzima wa kawaida akiruka mahali aliposimama hupanda nusu mita hivi. Mjumbe wenu, mwenye barua kifuani na hofu moyoni, anaruka mara mbili ya binadamu, na zaidi ya hayo kiolezo kile kinamruhusu kubadili mwelekeo akiwa hewani, jambo ambalo mwili hauwezi. Ndiyo maana ulipoona akiruka ulihisi si mtu anayejificha. Jicho lako halikukosea.

Sasa mweke nyuma ya ukuta wa ua wenye kimo cha mita 2, yeye mwenyewe akiwa na mita 1.7. Kwa kiolezo kile, utosi wake utakuwa juu ya ukuta kwa sekunde 0.77 hivi, muda mrefu mno. Askari yeyote aliye upande wa pili atamwona, na mchezaji ataona mtaa mzima kwa raha. Ishusheni ile 4.5 iwe 3.0. Kuruka kutakuwa sentimita 46, muda wote wa hewani sekunde 0.61, na utosi utatokeza juu ya ukuta kwa sekunde 0.36 tu. Hapo mmepata kitu tofauti kabisa. Mkimpa askari nusu sekunde ya kutambua alichokiona, basi kuruka mara moja kunakuwa kuchungulia kwa kubahatisha: mchezaji anaona taa ya doria iko wapi, askari anashtuka kidogo bila kuwa na hakika, na kuruka mara ya pili mahali palepale kunaweza kumleta. Fungeni pia uwezo wa kugeuka hewani, au upunguzeni mpaka ubaki kidogo sana.

Baada ya hapo wekeni sauti ya kutua, na hapa mji wetu umewapa utajiri ambao wabunifu wa ng'ambo hawanao. Mchanga wa pwani hunyamazisha karibu kila kitu. Makuti makavu hulia hata ukiyagusa polepole. Kokoto za njia ya reli husogea chini ya mguu. Bati hulia mara mbili, unapotua na unapoondoka, na usiku baada ya joto la mchana hujilialia lenyewe linapopoa. Nawasihi mlitumie hilo, kwa sababu askari aliyezoea mlio wa bati linalopoa anaweza kuupuuza mlio mmoja na kuja kwa mlio wa pili. Splinter Cell: Chaos Theory ya mwaka 2005 ilifanya jambo la jamaa moja na hili, ikampa mchezaji kipimo kinachoonyesha kelele yake ikilinganishwa na kelele ya mahali alipo, hata mtu akajifunza kwenda sambamba na mashine inayonguruma. Ninyi mna mawimbi ya bandarini na bati, na hamhitaji hata kuchora kipimo.

Kuna kasoro moja ya kuruka ambayo hesabu haiionyeshi. Niliwahi kukaa nusu saa katika kibanda cha gemu Makorora nikimtazama kijana wa kama miaka kumi na mitano akicheza gemu ya kunyemelea. Kila alipolazimika kungoja mlinzi apite, kidole gumba chake kilienda chenyewe kwenye kitufe cha kuruka, na mhusika wake akawa anarukaruka nyuma ya pipa, tena na tena, huku mlinzi akipita hatua tatu kutoka pale bila kusikia lolote. Kijana hakuwa na kosa. Gemu ndiyo iliyomwambia kwamba kungoja hakuna thamani na kuruka hakuna bei. Kungoja ndiko moyo wa kunyemelea, na kitufe kinachompa mchezaji kitu cha kuchezea bure wakati wa kungoja kinaupasua moyo huo.

Uamuzi wangu, basi, ni huu. Kitufe kibaki, kwa kuwa mmejenga mapaa na kwa kuwa mchezaji anatazama kwa macho ya mjumbe. Kuruka kwa kiolezo kuondoke. Mjumbe akiwa karibu na ukuta, kitufe kiwe cha kuparamia, polepole na kwa sauti ndogo. Akiwa ukingoni, kiwe cha kuchupa. Na akiwa uwanjani bila kitu karibu naye, kiwe kuruka kwa sentimita 46 kunakosikika. Kisha fanyeni jaribio moja kabla hamjalikubali neno langu: kizimeni kitufe kwa jioni moja, waiteni watoto wa mtaani wacheze, na ninyi mkae kimya nyuma yao na daftari. Wakifika bandarini bila kuuliza mbona hapandi, mapaa yenu hayafanyi kazi, na wewe ndiwe uliyeshinda. Lakini wakisimama chini ya paa, wakainua kamera juu na kubonyeza kitufe kisichojibu, mwachie binamu yako.

SWALI: Nacheza kwenye simu, gemu zinazoonekana kwa ubavu kama picha ya ukutani. Je, huko nako kuruka kunaweza kuondolewa?
Msomaji wa Pangani.

JIBU: Huko ni vigumu. Mchezo wa ubavuni una pande mbili tu, kushoto na kulia kwa upande mmoja, juu na chini kwa upande wa pili, na ukiiondoa juu umeondoa nusu ya dunia. Mark of the Ninja ya kampuni ya Klei, ya mwaka 2012, ni mfano mzuri: ninja wake huruka, hushika kuta na kudandia vitu vilivyo juu ya vichwa vya walinzi, lakini kelele yake huchorwa kama duara linalopanuka kutoka miguuni, na mlinzi aliye ndani ya duara husikia. Hivyo bei ya kila kitendo inaonekana kwa macho kabla mtu hajajuta. Kwa simu peke yake ningeongeza angalizo moja: kitufe kinachochorwa juu ya kioo hufunika sehemu ya picha, na katika gemu ambayo uhai wako unategemea kumwona mlinzi mapema, kidole gumba kilicholala pembeni ya skrini kinaweza kumficha mlinzi huyohuyo. Kuruka kwa kutelezesha kidole kwenda juu kunafaa zaidi.

SWALI: Mkono wangu wa kushoto hauna nguvu tangu nilipougua. Gemu zenye vitufe vingi zinanishinda, ingawa napenda sana za kujificha kwa kuwa hazina haraka. Je, wanaotaka kuruka wanatukumbuka watu kama mimi?
Msomaji wa Muheza.

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa maradhi, na nashukuru umeandika. The Last of Us ya mwaka 2013 haikuwa na kitufe cha kuruka. Ya pili, iliyotoka 2020, ilikiongeza pamoja na uwezo wa kutambaa kifudifudi, na kwa kweli kunyemelea kwake kulinenepa. Ila wabunifu walewale waliweka humo zaidi ya mipangilio 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu, na mmojawapo humfanya mhusika avuke baadhi ya mapengo na vikwazo mwenyewe bila mchezaji kubonyeza. Vitufe navyo vinaweza kuhamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine upendavyo. Ukiipata gemu hiyo, ingia kwenye mipangilio kabla hujaanza kucheza, hamishia kazi za vitufe vya kushoto upande wa mkono wako wa kulia, na uwashe ule msaada wa kuvuka vikwazo. Nawaomba vijana wa Barabara ya Kumi na Mbili wasome jibu hili pia, na watakapokuwa wanaandika upya kitufe chao waweke mpangilio wa namna hiyo tangu sasa, wakati mistari ya programu bado ni michache na kazi hiyo haiwachukui zaidi ya jioni mbili.